Matembezi na Mbwa: Njia Rahisi ya Kuupa Mwili Nguvu

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Somo hili lilisomwa hewani, na hapa limepigwa chapa ili kila mwanafunzi alisome tena mwenyewe, polepole, mstari kwa mstari. Mahali palipoandikwa "Kituo", kiongozi wa darasa awape wanafunzi nafasi ya kuzungumza.

Natumaini kila mmoja ameketi mahali penye mwanga, na kwamba daftari na kalamu ziko tayari. Somo la leo ni la afya, na ndani yake mna hesabu kidogo. Tutazungumza juu ya kutembea kwa miguu, na juu ya mnyama mmoja awezaye kutusaidia tutembee kila siku bila kukosa. Mnyama huyo ni mbwa.

Najua wako watakaocheka. Watasema, "Mbwa kazi yake ni kulinda nyumba usiku. Kumtembeza kwa kamba ni mambo ya matajiri." Subirini kidogo. Sikilizeni mpaka mwisho, kisha mwamue wenyewe.

1. MARADHI YANAYOKUJA KIMYA

Wazee wetu walitembea pasipo kuambiwa na mtu. Walikwenda shambani, mtoni, mnadani na matangani kwa miguu yao. Hata leo mkulima anayelima kwa jembe, na mama anayechota maji mbali, hawana haja ya kufundishwa kutembea. Lakini wengi wetu tumeingia katika kazi za kukaa. Fundi cherehani hukaa. Mwenye duka hukaa. Dereva hukaa. Karani hukaa, na mlinzi wa getini naye hukaa. Tukitoka kazini, hata mahali pa mwendo wa robo saa twaita bodaboda.

Mwaka 1973 Tanzania ilifanya kampeni kubwa iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu walikusanyika katika vikundi, kama ninyi leo, wakasikiliza redio na kusoma vitabu vidogo. Kisha wakatoka nje, wakachimba vyoo na kufyeka majani yaliyozunguka nyumba. Maadui wa siku zile walikuwa malaria, kuhara damu, kichocho na wenzao. Maadui hao hawajaisha. Lakini sasa wamepata wenzao wengine wawili: shinikizo la damu, ambalo wengi huliita presha, na ugonjwa wa sukari.

Maradhi haya mawili hayaletwi na mbu wala na maji machafu. Huletwa na mambo mengi yakikutana: urithi wa ukoo, umri, chumvi nyingi, unene, tumbaku, pombe, na kuukalisha mwili bila kazi. Urithi na umri hatuwezi kuvibadili. Kukaa twaweza kukubadili.

Ubaya wa presha ni kwamba huja kimya. Mtu aweza kuwa nayo miaka mingi asisikie maumivu yoyote. Anakula vizuri, anacheka na wenzake, anapeleka watoto shule. Halafu asubuhi moja mkono umelegea, mdomo umekwenda upande, maneno hayatoki. Hicho ni kiharusi. Siku hiyo hauugui mtu mmoja tu. Yule aliyekuwa akilisha nyumba sasa analishwa, na mtoto mkubwa huenda akaacha masomo ili amwuguze. Hiyo ndiyo sababu twalizungumza jambo hili mapema, tungali na nguvu.

2. DEREVA NA KONDAKTA

Watu walijuaje kwamba kukaa kunaudhuru moyo? Kiko kisa kimoja cha kweli kutoka London, Uingereza.

Baada ya vita kuu ya pili, daktari mmoja jina lake Jeremy Morris alitaka kujua kwa nini watu wengi walikuwa wakipata maradhi ya moyo. Aliwatazama wafanyakazi wa mabasi ya London. Mabasi yale yalikuwa ya ghorofa. Katika kila basi mlikuwa na watu wawili wa kazi. Dereva alikaa kitini karibu muda wote wa zamu yake. Kondakta alitembea kukata tikiti, akapanda ngazi na kushuka, mamia ya ngazi kila siku.

Watu hawa wawili walifanya kazi katika basi lile lile, katika mji ule ule. Tofauti kubwa ilikuwa moja: mmoja alikaa, mmoja alitembea. Daktari Morris na wenzake walichapisha matokeo yao mwaka 1953. Walikuta kwamba makondakta walipata maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva, na waliougua hawakuugua vikali kama madereva.

Lakini mtu mwerevu atauliza, "Pengine madereva walikuwa wanene tangu mwanzo?" Ni swali zuri, na Morris mwenyewe alilifikiri. Kwa hiyo wataalamu hawakutosheka na mabasi. Waliwatazama watu wa posta pia, wale waliopeleka barua kwa miguu na wale waliokaa ofisini, wakaona jambo la namna ile ile. Tangu wakati huo wataalamu wa nchi nyingi wamelipima jambo hili kwa njia mbalimbali, na fundisho limebaki lile lile: mwili unaotembea hudumu.

Kituo. Zungumzeni: katika darasa lenu, ni nani anafanya kazi ya "dereva", na ni nani anafanya kazi ya "kondakta"?

3. MWILI HUFANYA NINI TUNAPOTEMBEA

Tufanye jaribio dogo. Simameni. Shikeni shavu la mguu, yaani ile nyama nene nyuma ya mguu, chini ya goti. Sasa inueni visigino, kisha mvishushe. Mnasikia nyama inakaza na kulegea? Nyama ile inapokaza hukamua mishipa ya damu, na damu iliyoshuka miguuni husukumwa juu kurudi moyoni. Mtu anapokaa kutwa nzima, nyama hiyo hailifanyi kazi yake, na ndiyo sababu moja ya miguu kuvimba jioni. Ketini.

Sasa tutazame moyo. Moyo ni pampu, na ukubwa wake ni kama ngumi ya mwenyewe. Ukitembea kwa haraka, hupiga mbio zaidi. Ukifanya hivyo kwa miezi, moyo hupata nguvu, ukaweza kusukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja. Mishipa nayo hulainika na kutanuka vizuri, na shinikizo la damu hupungua kidogo kidogo.

Jambo la tatu ni sukari. Chakula tulacho, kama ugali, wali, ndizi au viazi, hugeuka kuwa sukari na kuingia katika damu. Sukari hiyo ni kuni za mwili. Lakini kuni zikikaa mlangoni tu bila kuingizwa jikoni, huziba njia. Nyama za miguu ni jiko kubwa kabisa. Zinapofanya kazi huvuta sukari kutoka katika damu na kuitumia, na hata baada ya kupumzika huendelea kuivuta kwa urahisi.

Hapa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha somo. Faida hii ya sukari haikai juma zima. Baada ya siku moja au mbili huanza kupungua. Kwa hiyo mtu anayetembea saa tatu siku ya Jumapili, kisha akakaa mpaka Jumapili nyingine, hafaidi sawa na yule anayetembea nusu saa karibu kila siku. Mwili hautaki ushujaa wa siku moja. Hutaka mazoea. Haba na haba hujaza kibaba.

4. KIASI GANI KINATOSHA?

Shirika la Afya Duniani, katika maelezo yake ya mwaka 2020, lilisema kwamba mtu mzima afanye kazi ya mwili ya kiasi kwa dakika 150 mpaka 300 kila juma. Chukueni kalamu tufanye hesabu.

Dakika 30 kwa siku, mara siku 5, ni dakika 150.

Basi nusu saa kwa siku tano za juma yatosha kuanzia. Mwendo uwe wa kiasi gani? Uwe kama wa mtu anayewahi mahali lakini hajachelewa. Kiko kipimo kisichohitaji chombo chochote: ukitembea, uweze kuzungumza na mwenzako, lakini usiweze kuimba. Kama waweza kuimba, ongeza mwendo. Kama huwezi hata kuzungumza, punguza.

Wengine wamesikia kwamba ni lazima kutembea hatua 10,000 kila siku, wakakata tamaa kabla ya kuanza. Msiogope. Hesabu hiyo ilianza kujulikana huko Japani mwaka 1965, kilipouzwa chombo kidogo cha kuhesabia hatua. Jina la chombo hicho lilikuwa na maana ya "kipimo cha hatua elfu kumi". Haikuwa amri ya madaktari. Hatua chache kuliko hizo nazo zafaa, na anayetoka katika kukaa kabisa ndiye anayepata faida kubwa kwa hatua zake za kwanza.

Hesabu nyingine. Mtu mwenye mwendo mzuri huenda kilomita 5 kwa saa. Kwa nusu saa atakwenda kilomita 2 na nusu. Kwa siku 5 atakwenda kilomita 12 na nusu. Mwaka una majuma 52. Zidisheni: 12.5 mara 52 ni kilomita 650. Huo ni karibu sawa na mwendo wa barabara kutoka Dar es Salaam mpaka Arusha. Na ameutembea nusu saa nusu saa tu, bila kulala njiani.

5. MBWA ANAINGIAJE HAPA?

Kujua si kazi. Kazi ni kuendelea. Wengi wetu tumewahi kuanza mazoezi. Juma la kwanza tulitoka kwa nguvu. Juma la pili mvua ilinyesha. Juma la tatu tulikuwa na mgeni. Juma la nne viatu vilikuwa chini ya kitanda, vimejaa vumbi. Mwanadamu ni fundi wa kutafuta sababu.

Mbwa hana ufundi huo. Mbwa aliyezoea kutoka saa kumi na moja jioni hahitaji saa ya ukutani. Wakati ukifika atakuja mlangoni, atakutazama, atatikisa mkia, atalalamika. Hajui kwamba umechoka na habari za kazini. Utaona haya, utachukua kamba, utatoka.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2019 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Liverpool, Uingereza, walichapisha habari za uchunguzi wao katika mtaa mmoja wa nchi ile. Walikuta kwamba nafasi ya kutimiza zile dakika 150 kwa juma ilikuwa kama mara nne zaidi kwa wenye mbwa kuliko kwa wasio na mbwa. Tena, matembezi na mbwa hayakuchukua mahali pa mazoezi mengine. Yaliongezwa juu yake.

Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 2017, wataalamu wengine walieleza habari za wazee wa Norfolk, Uingereza. Huko baridi na mvua huwafungia watu ndani. Walikuta kwamba wazee waliozoea kutembeza mbwa walijishughulisha zaidi siku za hali mbaya ya hewa kuliko wazee wasio na mbwa siku za hali nzuri. Fikirini hilo. Mwenye mbwa katika mvua alimshinda asiye na mbwa katika jua.

Lakini angalieni neno moja. Ni kutembeza mbwa, si kuwa na mbwa. Mtu mwenye mbwa watatu waliofungwa nyuma ya nyumba, naye mwenyewe amekaa barazani, hapati lolote.

6. FAIDA YA MBWA MWENYEWE

Kwetu mbwa wengi hufungwa mchana na kufunguliwa usiku. Wengine huishi kwenye kibanda kidogo au mwisho wa mnyororo maisha yao yote. Kisha twashangaa kwamba mbwa ni mkali hata kwa watoto wa nyumbani, au kwamba hubweka usiku kucha kwa ajili ya jani lililoanguka.

Mbwa ni mnyama wa kwenda. Ukimfungia daima, nguvu zake hugeuka kuwa hasira na woga. Mbwa anayetoka kila siku huzoea watu, magari, baiskeli na mbuzi. Hujifunza lipi la kawaida na lipi la ajabu. Wala usidhani kwamba ulinzi wake utaharibika. Mbwa anayemtambua mpita njia wa kawaida ndiye atakayekuamsha kwa sababu ya kweli.

7. CHANJO KWANZA, KAMBA BAADAYE

Kabla ya kumtoa mbwa nje ya ua, nenda kwa ofisa mifugo. Ulizia chanjo ya kichaa cha mbwa, na irudiwe kwa wakati atakaokuambia. Tunza karatasi ya chanjo pamoja na vyeti vya nyumba. Na sasa kwa kuwa mnajua kusoma, isomeni wenyewe mwone tarehe.

Kichaa cha mbwa si jambo la mzaha. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu kila mara hufa. Lakini yaweza kuzuiwa. Mtu akiumwa na mbwa, au akiparuzwa, au mate ya mbwa yakiingia katika kidonda, afanye mambo mawili. Kwanza, aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, papo hapo. Pili, aende hospitali au zahanati siku ile ile ili apate chanjo. Asipake majani, wala pilipili, wala mafuta. Asingoje aone kama mbwa atakufa.

Tunao mfano wa karibu wa nguvu ya chanjo. Kisiwani Pemba kampeni ya kwanza ya kuchanja mbwa ilifanywa mwaka 2010, na kufikia mwaka 2014 ugonjwa ulikuwa umetoweka. Mwaka 2016 ulirudi, ukiwa umeletwa kutoka nje ya kisiwa. Watu wakachanja mbwa tena kisiwani kote, na mwaka 2018 ukatoweka mara ya pili. Fundisho ni lile lile la kutembea: kilichofanywa mara moja na kuachwa hakidumu.

Kituo. Zungumzeni: mbwa wangapi wa mtaa wenu wamechanjwa? Nani anajua ofisi ya mifugo iliyo karibu?

8. ADABU ZA NJIANI

Vifaa ni vichache. Mkanda wa shingoni usiokaza wala kulegea: vidole viwili vipite kati ya mkanda na shingo. Kamba imara, urefu wa hatua mbili hivi. Viatu vya kufunga, si kandambili. Chupa ya maji.

Shika kamba kwa kiganja. Usiizungushe mkononi wala vidoleni, maana mbwa akimrukia paka ghafla waweza kuangushwa au kuvunjika kidole. Mzee mwenye mifupa dhaifu asimtembeze mbwa mkubwa anayevuta. Achukue mdogo, au aende na kijana.

Mbwa akivuta, simama kimya. Usimpige. Akilegeza kamba, endelea. Akivuta tena, simama tena. Siku za kwanza utaona kama hamfiki popote. Baada ya majuma machache ataelewa kwamba kuvuta hakumpeleki mbele.

Mwanzoni mwa safari mwache anuse na kumaliza haja zake kwa dakika chache. Kisha enda naye mwendo mzuri bila kusimama. Mwishoni mwache anuse tena. Dakika za kunusa ni furaha yake. Dakika za mwendo ni zako, na hizo ndizo za kuhesabu.

Chagua wakati wa baridi: asubuhi saa kumi na mbili, au jioni saa kumi na moja. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Hujipoza kwa kuhema ulimi ukiwa nje, na jua kali laweza kumwua. Kabla ya kupita juu ya lami, weka mgongo wa kiganja chako pale, uhesabu mpaka saba. Ikiwa kiganja hakivumilii, nyayo zake nazo hazitavumilia.

Waheshimu majirani. Wako wanaowaogopa mbwa, na hofu yao si ujinga, huenda waliwahi kuumwa. Fupisha kamba, upite upande wa pili. Kwa Waislamu wengi wa nchi zetu mate ya mbwa ni najisi, na kilichoguswa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Basi usimwache mbwa wako aikaribie kanzu ya jirani aendaye msikitini. Kinyesi cha mbwa kina mayai ya minyoo. Kiokote kwa kijiko cha bustani au mfuko, ukifukie mbali na maji na mahali pa kuchezea watoto. Ukifika nyumbani, mtazame nyayo uondoe miba, mtazame masikio uondoe kupe, kisha unawe mikono kwa sabuni.

9. MPANGO WA MAJUMA MATANO

Aliyekuwa akikaa asikurupuke. Aanze hivi, siku 5 kila juma:

Juma la 1: dakika 10 kwa siku. Jumla dakika 50.
Juma la 2: dakika 15 kwa siku. Jumla dakika 75.
Juma la 3: dakika 20 kwa siku. Jumla dakika 100.
Juma la 4: dakika 25 kwa siku. Jumla dakika 125.
Juma la 5: dakika 30 kwa siku. Jumla dakika 150.

Hapo umefika. Waweza pia kugawa: dakika 15 asubuhi na 15 jioni. Mwili hautagomba nawe. Jambo la kushika ni hili: usiruke siku mbili mfululizo.

Kabla ya kuanza, nenda zahanati ukapimwe shinikizo la damu. Likiwa kama 120 juu ya 80, ni vizuri. Likipimwa mara kadhaa likawa 140 juu ya 90 au zaidi, fuata maelezo ya mganga. Ukiwa njiani ukasikia kifua kinabana, au kizunguzungu, au pumzi inakatika, simama na uende hospitali. Mgonjwa wa sukari atazame miguu yake kila jioni asije akawa na kidonda asichokisikia. Na mtu aliyepewa dawa asiziache kwa sababu ameanza kutembea. Matembezi ni rafiki wa dawa, hayakuja kuzifukuza.

Je, asiye na mbwa? Simwambii aende kununua. Mbwa hula kila siku, huugua, na huishi miaka kumi na zaidi. Asiyeweza kumlisha asimchukue. Na wako ambao dini au desturi yao haipendi mbwa nyumbani. Hao watafute mwenzi wa kutembea naye, jirani au ndugu, wapeane saa na ahadi. Mwenzi anayekungoja njiani hufanya kazi ile ile ya mbwa anayekungoja mlangoni.

10. JUU YA KICHEKO CHA WATU

Limebaki jambo moja, nalo huwazuia wengi kuliko uchovu. Ni haya. Mama mtu mzima ataambiwa anazurura. Baba ataulizwa kama amekosa kazi ya kufanya.

Ndugu zangu, ninyi mnajua dawa ya jambo hili kuliko mimi. Mlipoanza darasa hili hawakuwako waliosema, "Mzee mzima anashika kalamu kama mtoto"? Walisema. Nanyi mlikuja siku ya pili, na ya tatu, mpaka leo mnasoma maneno haya wenyewe. Waliocheka wamenyamaza, na wengine wao huja kwenu na barua zao wasomewe. Matembezi ni vivyo hivyo. Siku ya kwanza watu watatazama. Siku ya kumi watasalimu. Mwezi wa pili mmoja wao atauliza, "Kesho mnapita saa ngapi?"

Basi tuonane katika somo lijalo. Kwaherini.

MANENO YA SOMO

Kiharusi: ugonjwa unaotokea damu isipofika vizuri katika ubongo, au mshipa wa ubongo ukipasuka.
Kiasi: kati ya kidogo na kingi.
Mazoea: jambo linalofanywa mara kwa mara mpaka likawa tabia.
Najisi: kisicho tohara katika dini.
Shinikizo la damu: nguvu ya damu inaposukuma kuta za mishipa.

MASWALI

1. Kondakta na dereva wa London walitofautiana kwa jambo gani?
2. Kwa nini matembezi marefu ya siku moja kwa juma hayatoshi?
3. Mtu akiumwa na mbwa, afanye nini kwanza, na nini pili?
4. Hesabu: mtu akitembea dakika 40 kwa siku 4, jumla ni dakika ngapi? Je, ametimiza dakika 150?
5. Zungumzeni: je, yafaa mbwa wa ulinzi atembezwe? Wanaokubali na wanaokataa watoe sababu zao.

KAZI YA JUMA HILI

Piga mistari katika daftari, ufanye safu tatu: siku, dakika, na jina la uliyetembea naye. Ukitembea na mbwa, andika jina la mbwa. Ijaze mwenyewe kila jioni kwa mkono wako, ulete darasani.

Jibu la swali la 4: dakika 160. Ndiyo, ametimiza, na zimezidi dakika 10.